Heda ya Phelesia

Weka soda yako, naweka yangu: hakuna mtu ataamini hii. Hata Nashon mwenye kupima samaki hakuamini, na yeye huamini kila kitu.

Mwaka wa tisini na tisa, hapo Homa Bay, hakuna mtu alivunja barafu kunishinda kwa stoo ya samaki. Shule niliachia wenye walikuwa wanaihitaji. Phelesia, nyar Kosele, yaani binti wa Kosele, alikuwa karani wetu, na ugonjwa wake ni kuuliza. Akifungua redio sio ati imeharibika. Anataka kuona sauti inalala wapi.

Asubuhi moja mbuta, ile samaki kubwa ya ziwa, ya mamake Phelesia ilikuwa imejaa kwa barafu, na barafu inaisha. Lori ni moja. Iende Kisumu ama Migori? Kiwanda gani inanunua leo, hiyo ilikuwa inaandikwa kwa kompyuta fulani ya Nairobi. Ukifungua huo ukurasa kawaida, picha zinajivuta mpaka laini ya simu inakatika. Kwa hivyo Phelesia, kwa kompyuta ya stoo, aliandika programu kwa Perl, lugha ya kuandikia programu, ichukue maneno peke yake.

Nairobi ikajibu: umekatazwa.

"Omera, ndugu yangu, mbona ile ya picha inaingia na yangu inafukuzwa?" Phelesia akaniuliza.

"Nyar Kosele, wewe huingia boma ya watu ukiitisha maji kabla useme wewe ni wa nani? Taja baba!"

Akacheka, lakini mkono ulikuwa tayari kwa kibodi. Ombi hubeba mistari fulani mbele, wanaita heda, yenye inaeleza nani anakuja. Akatunga yake: X-Mtoto-Wa: Elkanah, Kosele.

Umekatazwa.

"Labda hawamjui Elkanah," nikasema. "Taja babu."

"Nyamaza, barafu inaisha."

Akaiambia programu ionyeshe heda zote inatuma. Akainama mpaka pua karibu iguse kioo.

"Kumbe iko na jina! Perl ndio imeipatia. Programu zote za Perl zinajiita hivi hivi. Hiyo ndio wanafukuza!"

Kwa heda ya User-Agent, penye programu hutaja jina yake, akafuta hiyo jina ya kila mtu, akaandika yake: Bei-ya-Mbuta. Akabonyeza.

Maneno yakashuka. Kisumu wamefunga, Migori wananunua. Mamake, Achieng, akapanda lori, akakaa mbele kama waziri.

Elkanah hakutolewa kwa hizo heda. Kila asubuhi Nairobi ilisalimiwa na mzee wa Kosele bila kujua. Na mimi nikatangazia soko yote ati mlango ilifunguka juu ya baba.

Haikuwa baba, ilikuwa hiyo jina mpya ya programu. Hapo nilikosea.