Siku Sponji Alipomcheka Mkewe

Fundi makochi huyu watu wote walimwita Sponji, hata mama yake mzazi. Jina lilitokana na kazi, lakini lilimkaa kwa umbo na kwa tabia pia: mnene, mlaini, ukimbonyeza kwa neno baya anabonyea kidogo kisha anarudi palepale akicheka. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati. Makochi yaliyovuliwa vitambaa yalijaa kila upande, naye akakaa katikati na misumari midogo mdomoni, akipiga soga na wateja hivyohivyo. Kunyamaza kulimshinda.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, na kwa utani alimzidi. Alijua kugeuza uso. Alimwiga mwalimu mkuu, alimwiga mwenye nyumba, alimwiga wifi yake akitafuta simu iliyo mkononi mwake mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya chai mke na mume walikuwa na mashindano yao: anayecheka kwanza ndiye anayeosha vyombo. Sponji aliosha vyombo karibu kila siku wala hakulalamika.

Kisha yakaja mafua. Sponji ndiye aliyeyaleta nyumbani. Mkewe alimwomba alale sebuleni siku mbili tatu na atumie kikombe chake peke yake.

"Mafua ndiyo yanifukuze kitandani kwangu?" Sponji akamaka. "Hayo ni ya watoto, bibie."

Akanywea kikombe cha mkewe, akapiga chafya ovyo. Yeye akapona, mke akashikwa. Mafua ya mke nayo yakaisha, ila akabaki analalamika maumivu nyuma ya sikio. Sponji akamwambia ni kelele za chekechea hizo, zimeamua kuhamia humo moja kwa moja.

Asubuhi moja mke akatoka kupiga mswaki na nusu ya uso wake imeshuka. Mdomo umevutwa upande, jicho moja limekodoka, maji yanamchuruzika kidevuni. Sponji akapiga makofi.

"Leo umeniweza! Nani huyo, mwenye nyumba?" Akamwita dada yake, ambaye alikuwa anaishi nao. "Njoo umwone wifi yako!"

Dada akaja, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Sifanyi mchezo," mke akasema, maneno yamelegea. "Mdomo haunisikii."

Na Sponji, Mungu amsamehe, akapinda mdomo wake mwenyewe akamrudishia kwa sauti ileile: "Mdomo haunisikiiii." Halafu akaosha vikombe, maana alikuwa ameshindwa, akaenda zake kazini. Mteja wa kwanza alisimuliwa kisa kizima.

Jioni alimkuta mkewe amegeukia ukutani, amejifunika mtandio mpaka kichwani. Akadhani kanuna. Naye, mnene wa watu, akanuna vilevile ili wawe sawa. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Siku iliyofuata dada alifika karakana anahema.

"Kaka, ule si mchezo. Wifi amelala na jicho moja liko wazi. Nimelipungia mkono, halifumbi."

Misumari ilimdondoka Sponji mdomoni.

Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alimwambia mgonjwa akunje paji la uso, afumbe macho, ajaze upepo mashavuni. Upande wa kulia ulitii, wa kushoto ukabaki kama ulivyo. Si kiharusi, akasema. Wa kiharusi kwa kawaida huwa bado anaweza kukunja paji. Huu ni mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, umevimba na kubanwa.

"Ulipata mafua karibuni?"

"Ndiyo."

"Huenda ndiyo yaliyoanzisha. Siwezi kuapa, lakini hutokea hivyo." Akaandika dawa ya kupunguza uvimbe, matone ya jicho, na plasta ya kulifumbia wakati wa kulala. Wengi hupona kabisa, alisema, wachache hubaki na alama. "Ila dawa hii inataka kuwahiwa. Mngekuja juzi ingekuwa bora zaidi. Mbona mmekawia?"

Sponji alifungua mdomo. Mkewe akamtangulia.

"Nilidhani itapita yenyewe."

Neno hilo lilimchoma Sponji kuliko tusi. Angetukanwa angalau angepata la kujibu. Tangu hapo hatia ilimganda. Alipika uji, alifua, alikimbilia matone kabla hayajaisha, lakini kuyatia jichoni alimwachia dada. Akiongea na mkewe, aliongea na sufuria au na mlango. Akahamia sebuleni kulala, eti anakoroma. Utani ukamkauka, wateja wakamuuliza kama amefiwa. Mara ngapi alilitunga neno "nisamehe" akishona mito, akalibeba vizuri mpaka nyumbani, likafika mlangoni likagoma kuingia!

Mke alirudi shuleni. Watoto walipouliza, aliwaambia uso wake umelala kidogo, utaamka. Wakawa wanamuuliza kila asubuhi kama umeshaamka. Haya Sponji aliyasikia kwa dada.

Miezi ikapita. Walipoitwa kliniki mara ya mwisho, daktari alimgeukia Sponji.

"Bwana, wewe ndiye unayemwona kila siku. Akicheka, pande zote zinalingana? Akilala, jicho linafumba lote?"

Sponji akakohoa. Akatazama bango la ukutani. "Nadhani... ndiyo."

"Hajui, daktari," mke akasema taratibu. "Tangu siku ile hajanitazama usoni. Hata kitandani kanihama. Najua natisha, simlaumu. Ila nimechoka kuishi na mtu anayeongea na sufuria."

"Unatisha?" Sponji aliruka kwenye kiti. "Nani kasema unatisha? Mimi ndiye..." Machozi yakamzidi nguvu. "Nilikucheka, mke wangu. Uliniambia mdomo haukusikii, mimi nikakuiga. Nikamwita na dada aje acheke. Na mafua yenyewe nilikuletea mimi. Nikutazame kwa macho gani?"

"Kwa hayohayo. Kunicheka nilikusamehe siku ileile, nilijua hujui. Hii miezi ya kunikwepa ndiyo sijaisamehe."

Daktari akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Haya, jibu," mke akasema. "Umeulizwa."

Sponji akainua kichwa, akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, pua inamtiririka, wala hakuifuta. Mke akajaribu kutabasamu.

"Kushoto bado, daktari," Sponji akasema. "Kona ya mdomo inachelewa kidogo. Akilala, sijui. Leo nitaangalia."