Kifaa cha Dereva Aliyenitangulia

Siku niliporipoti kazini jijini Dodoma, Afisa Usafirishaji alinikabidhi ufunguo wa landikruza na kitabu cha safari, ambamo dereva huandika atokako na aendako. Kisha akanionyesha kifaa cha ramani kilichobandikwa kwenye dashibodi. Mimi nilikuwa dereva wa Kondoa miaka mingi, njia nikizijua kwa mawe yake. Huku kipilefti kimoja kilinizungusha mara nne, nikiona aibu.

"Kilikuwa cha marehemu," alisema, yaani dereva aliyenitangulia. "Kitakufundisha mji. Ila ukipotea mara tatu, nakurudisha Kondoa."

Kurudi sikutaka hata kidogo. Mke wangu alikuwa anatibiwa macho hapa mjini, na daktari alishaonya kwamba akikatiza matibabu atapofuka.

Kifaa kilikuwa na sauti ya mwanamke, ya upole. Kata kushoto, nyoosha. Nikamtii, na ujasiri ukaanza kunijia. Kasoro ilikuwa moja: ikifika saa kumi alasiri, kiliacha safari yangu kikanielekeza mahali palipoandikwa "Nyumbani". Sikupaandika mimi. Kilinipoteza hivyo mara mbili.

Mara ya tatu nilikuwa nimempakia Mkurugenzi wa ofisi yetu. Vumbi lilikuwa limefunika jua, sioni kibao wala jengo, nikafuata sauti hadi mtaa wa Miyuji, mbele ya geti la kijani. Sijapiga honi, geti likafunguka. Mama aliyevaa nguo nyeusi akatokeza.

"Leo umewahi," aliliambia gari. Kisha akaniona uso, akarudi nyuma hatua moja. Niliogopa, sifichi.

Mkurugenzi alishuka, akavua kofia. "Pole, shemeji. Msibani sikufika."

Yule mjane alisogea dirishani kwangu, akanielekeza njia ya ofisini kona kwa kona, kama mumewe alivyozoea kumsimulia. Sikupotea tena. Mkurugenzi naye hakumwambia Afisa chochote.

Nilipokaribia kustaafu, fundi alikifuta kifaa chote mbele yangu. Nikamkabidhi Neema, dereva mpya kutoka Singida. Kwangu, mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, hakupajua, na kwenye kifaa sikuwahi kupaandika.

Nyinyi mnaoanza kazi, ramani ni msaada mkubwa, itumieni. Lakini tazameni inawapeleka kwa nani.

Juzi saa kumi alasiri nilikuwa nimeketi barazani nyuma ya mke wangu, kikombe cha chai ya moto mkononi. Landikruza ikanguruma nje. Mke wangu akainuka, akafungua geti kama alivyozoea miaka yote.

"Leo umewahi," akasema.

Neema alishusha kioo cha dirisha. "Shikamoo, mzee. Nimepotea. Kimenileta hapa."

Nilisogea dirishani, nikamwelekeza kona kwa kona, nikisikia maneno ya yule mjane yakitoka kinywani mwangu. Alipoondoka, mke wangu alinishika mkono, ule uliokuwa na kikombe cha moto, turudi ndani.

"Mbona wa baridi hivi?" aliuliza.