Gari Lililopakwa Mafuta ya Papa

"Mabegani mwa watu ntabebwa siku moja tu," alisema mama, "na siku hiyo sitokuwa na habari. Nikiwa hai, sitaki."

Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, barazani kwake, amempa mgongo kaka yangu mkubwa. Kaka ndiye aliyejitia kimbelembele kupanga kila kitu. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na hospitali ya mjini ilikuwa imempa siku ya kupasuliwa jicho la kwanza, Alhamisi, wiki mbili mbele. Miguu yake haikumfikisha tena mbali. Nyumba yake iko nyuma ya Makunduchi, ndani kabisa ya maweni, na kutoka barabara ya lami hadi mlangoni kuna njia ya mawe yaliyochongoka ambayo gari la kaka, jeusi, jipya, tumbo karibu liguse chini, haliwezi kuipita. Shauri lake lilikuwa kwamba vijana wanne wa kijijini wambebe mama kwenye kiti mpaka barabarani.

"Ntakwenda na gari ya mwanangu," mama aliendelea. "Ile inafika hapa hapa. Natia mguu mwenyewe, nashuka mwenyewe."

Kaka akaniangalia. "Ile gari mwaka huu haipiti ukaguzi, mdogo wangu, na wewe unajua. Wauzie watu wa vyuma chakavu, sote tupumzike."

Nikamjibu kwamba mama atafika mjini amekaa kiti cha mbele, na yeye akitaka kuja, nafasi ipo nyuma. Nilisema kwa sauti kubwa, mkono kiunoni. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa.

Gari lenyewe nililinunua kwenye mnada, nilipokuwa bado nafanya kazi kwenye mashamba ya viungo Kizimbani. Miaka mingi tulilitumia kuzungukia mikarafuu, masika na kiangazi, na lilipotolewa kuuzwa, wanaume waliokuwapo walicheka nilipopandisha mkono. Ni gari dogo, la mraba, paa lake turubai, tairi zote nne zinavuta. Wajapani walioliunda wameacha kuliunda zamani. Kiwanda kikiliacha gari, vipuri navyo huanza kupotea kimoja kimoja, kwanza Unguja, halafu Dar, halafu Dubai, mpaka unajikuta unamtumia mtu usiyemjua picha ya bomba la mpira kwa simu, na yeye anakujibu kwa kikatuni cha kucheka.

Kisiwani kote nilijua jingine moja tu la aina yake. Lilikuwa limekufa karibu na Jozani, nyuma ya nyumba ya mtu, na kima punju walikuwa wamelifanya baraza. Mwenyewe aliniruhusu nichukue ninachotaka, na nimekwenda pale mara nyingi na spana zangu. Kima wananitazama kutoka juu ya boneti, mimi nafungua vyangu chini yao, na hatujawahi kugombana. Taa zangu za nyuma, pampu ya maji na kitasa cha mlango wa kushoto vimetoka huko.

Kinachoniumiza kichwa siku zote ni chumvi. Gari langu linalala Malindi, pembeni mwa Mji Mkongwe, kwa sababu vichochoro vya kwetu haviingii gari, na upepo wa bahari unalipiga usiku na mchana. Mwaka uliotangulia mkaguzi wa magari alilala chini yake, akaichoma chesisi kwa bisibisi, na bisibisi ikazama. Alitoka huku anapangusa vumbi la kutu machoni. Akaniambia nikirudi na chuma kile, gari halitaingia tena barabarani.

Basi nikakata vyuma vibovu, nikachomelea vipya. Lakini vipya navyo vitaliwa na chumvi ile ile. Nilishajaribu rangi, nikajaribu grisi, nikajaribu oili chafu, na masika yakija yanaosha yote. Mama ndiye aliyenipa dawa, siku moja nilipokuwa nalalamika mbele yake.

"Mashua ya babu yako tulikuwa tukiipaka nini?" aliniuliza. "Rangi?"

Ilikuwa ikipakwa mafuta ya papa, yale ya maini, ambayo watu wa vyombo wanayaita sifa. Sijui kwa nini sikufikiria mwenyewe. Wiki ile ile niliyobishana na kaka nikaenda Mkokotoni, nikamtafuta fundi wa vyombo mwenye mafuta yake kwenye dumu, nikamweleza ninachotaka. Hakushangaa hata kidogo. Alitandika jamvi kuukuu chini ya gari, akaingia na kitambaa na kopo, akapaka tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mimi nilikaa juu ya jiwe nakunywa dafu na kumwambia ahsante kila akitoka kujaza kopo. Aliponiuliza kama kuna mahali pa kuacha, nikacheka.

"Usiache popote, fundi."

"Ndivyo," alisema. "Ubao ukiachwa mkavu, ndio unaooza."

Miaka yote ile nimekuwa na spana mkononi, na bado nikatamka maneno yale kwa kinywa changu mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa namwona babu na mashua yake. Gari nililisahau.

Njiani bomba la moshi lilipopata moto, gari zima likaanza kunuka kama mtu anakaanga papa chini ya kiti. Waendesha baiskeli walijifunika pua. Malindi paka walinipokea kwa furaha, na kufika magharibi nilihesabu saba wamelala chini ya injini. Jirani mmoja alimtuma mwanawe aniulize kama nimefungua duka la ng'onda, samaki wa kukausha, na kama nimefungua, anataka ratili mbili. Breki nilizihisi laini kidogo, lakini nilikuja polepole na barabara ilikuwa tambarare, nikajiambia ni uchovu wangu.

Alhamisi, wiki moja kabla ya siku ya mama, nikalipeleka kwenye ukaguzi. Mkaguzi alikuwa yule yule. Alijifunga kitambaa puani, akaingia chini na bisibisi yake, na mimi nikawa nasikiliza. Ko. Ko. Ko. Alichoma mbele, akachoma nyuma, akachoma pale palipozama mwaka uliopita. Bisibisi haikuingia. Alipotoka aliniambia hajapata kuona chesisi ya gari la pwani iliyokaa vile, na nilitaka kupiga vigelegele pale pale mbele ya wanaume.

"Sasa breki," alisema. "Njoo mbio mpaka kwenye mstari mweupe, simamisha."

Nikaja mbio. Nikakanyaga. Gari likaupita mstari, likaipita meza ya makaratasi, likaipita chupa ya chai, likaenda kusimama lenyewe kwenye chungu ya mchanga. Mkaguzi alikuja taratibu, akachutama, akaingiza kidole nyuma ya tairi, akakinusa.

"Bi mkubwa," aliniuliza kwa heshima zote, "na breki umezipaka?"

Akaandika kwamba gari lisitembee. Kwa hisani yake alinipa mpaka Jumatano nilirudishe, likivutwa kwa kamba. Habari zilimfikia kaka kabla sijafika nyumbani, kwa sababu mji wetu ndivyo ulivyo, naye akanipigia simu kusema vijana wanne ameshazungumza nao na kiti amekipata. Nikampa vidonge vyake, nikakata simu. Halafu nikakaa ngazini nikalia. Sikuwa nalilia gari. Nilikuwa namwona mama amekunja midomo juu ya kiti, amefumba macho ambayo hata hivyo hayaoni, watu wanasimama njiani kumtazama anavyopita.

Asubuhi yake gari likavutwa hadi kwa fundi wangu wa Mwanakwerekwe, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa siku amezidisha. Alifungua magurudumu, akatoa viatu vya breki, akanionesha. Ile ngozi ngumu inayobana ilikuwa imekunywa mafuta mpaka imegeuka rangi. Nikamwambia tuioshe kwa petroli.

"Ikishakunywa haitapiki," alisema.

Vipya havikuwapo. Nilipiga simu Dar, nikapiga Dubai, nikapiga hata kwa yule wa kikatuni cha kucheka. Nilikwenda Jozani, na viatu vya lile jingine vilikuwa vimekuwa unga. Jioni nilirudi mikono mitupu, nikamkuta fundi amekaa na kipande cha ngozi ya breki ya lori, anakipima kwa kamba juu ya viatu vyangu.

"Kinene," nikamwambia.

"Tupa ipo," akasema, akaniwekea tupa mkononi.

Siku tatu nilisugua. Nilivaa kanga kuukuu juu ya gauni, nikakaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, na kila nilipodhani kipande kimetosha, yeye anakijaribu ndani ya dramu, anatikisa kichwa, ananirudishia. Kosa lilikuwa langu, na kazi ikawa yangu pia. Vidole vilinichubuka hata wali nikawa nala kwa kijiko. Yeye alitoboa matundu, akagonga ribiti za shaba moja moja, akaosha kila palipostahili kuoshwa. Jumanne alasiri aliniambia nipande nijaribu uani kwake. Nikakanyaga breki, na paji la uso langu likafika karibu na kioo.

"Inasimama," alisema fundi, na nadhani alitabasamu.

Jumatano tairi zangu za mbele zilisimama juu ya ule mstari mweupe kabisa. Mkaguzi akapiga muhuri. Nilipokuwa nawasha gari aliinama dirishani, akatazama huku na huku, akaniuliza kwa sauti ya chini mafuta yale yanapatikana kwa nani, maana na yeye analo gari linaloliwa na kutu.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kumchukua kaka, ili mama aje alale mjini usiku huo, naye nikamketisha nyuma. Mpaka Makunduchi alikuwa amejiziba pua kwa leso. Tulipoiacha lami na kuingia kwenye mawe, nikalitia gari kwenye gia ya nguvu, likaanza kupanda jiwe moja baada ya jingine. Mlangoni mama alikuwa tayari amevaa buibui, mfuko mapajani. Vijana wanne walikuwa wamesimama kando ya kiti chao. Nilipozima injini mama akainua uso, akavuta pumzi, na akaanza kucheka peke yake.

"Mashua ya baba hiyo imekuja!"

Akapapasa cha kukanyagia kwa mguu, akakipata, akapanda. Kule juu alipokaa aliwasalimia wale vijana mmoja mmoja kwa kuwatambua sauti, akawauliza habari za mama zao. Kwenye mteremko mbaya kuliko yote, gari limeinama mbele, nilikanyaga breki na zikashika. Katika maisha yangu sijafurahi vile kwa kitu kusimama.

Jicho lilipasuliwa salama. Ijumaa walimfungua bandeji, na tukatoka naye nje taratibu, mimi kushoto, kaka kulia. Aliliona gari. Akasimama, akalitazama kuanzia taa mpaka turubai lenye viraka, lote linang'aa mafuta, na paka mmoja ametoka chini yake anajinyoosha.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, mama."

"Kumbe baya hivi!" alisema, na sote watatu tukavunjika mbavu pale mlangoni, mpaka mlinzi akaja kutuangalia. Halafu mama akanigeukia mimi, akanitazama kwa jicho lake jipya kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyolitazama gari. Akanishika vidole, akaviona vilivyochubuka, akavifunika kwa mkono wake.

Kaka akafungua mlango, akainama kumpa bega ili amnyanyue. Alifanya kwa mapenzi, hilo nakiri. Mama akampa mkongojo aushike.

"Mabega yako yangoje," alimwambia. "Cha kukanyagia nnakiona."

Akaweka mguu pale pale penyewe, bila kupapasa, akapanda. Kaka akaenda kukaa nyuma.