Ng'ombe Bila Ndama

Wazazi wetu walipofariki katika masika moja, niliacha shule ya misheni. Nilikuwa najua kusoma, kuandika kidogo na kuhesabu, nikaona inatosha. Nyumbani kwetu Sokon tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa ameanza kubeba kuni, na kitindamimba ambaye hata meno yote yalikuwa hayajaota. Nikapata kibarua cha kupalilia kahawa katika shamba la Mdachi mmoja upande wa mlimani.

Mdachi huyo hakuwa mtu wa kawaida. Mwinjilisti wetu alituambia kwamba kwao Ulaya watu hulipa kiingilio ili wamsikie akizungumzia shida zetu, na kwamba magazeti humwandika. Sisi vibarua tulimfahamu kwa mengine. Mvua ikiturudisha nyumbani, siku hiyo haikulipwa. Jembe likivunjika, lilikatwa kwenye ujira wako.

Baada ya mazishi, baba yetu mdogo alikuja kutoka Oldonyo Sambu. Alikaa, akamtazama kitindamimba.

"Huyu anakula nini?"

"Uji, baba. Na ndizi."

"Maziwa je?"

Ng'ombe wetu walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa kabla ya wazazi.

"Nitarudi mavuno yakiisha," akasema. "Nikikuta hakuna maziwa, namchukua. Dada yake ataenda kwa shangazi yenu Ngaramtoni. Wewe ni kijana mzuri, lakini hunyonyeshi."

Hakusema kwa ubaya. Ila nilikuwa nimemwahidi mama kwamba tutabaki pamoja, na sikuona mahali pa kupata ng'ombe.

Jumapili moja yule Mdachi alikuja kanisani na wageni wake, mmoja amebeba sanduku la kupigia picha. Ibada ilipokwisha alisimama nje akahutubu, mwinjilisti akatafsiri. Alisema mali ni mzigo, na kwamba tajiri hana haki ya kulala usingizi wakati yatima wana njaa. Mnyororo wa saa yake ya dhahabu ulimeremeta kifuani alipokuwa akisema. Kisha tukaitwa sisi watatu, nikakabidhiwa kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa. Picha ikapigwa. Watu wakaimba. Ng'ombe alilia muda wote huo.

Jirani yetu mzee, ambaye sote tulimwita koko, yaani bibi, alinisogelea. "Ndama wake yuko wapi?"

Ndama alikuwa amebaki shambani. Ng'ombe wa kwetu hateremshi maziwa bila ndama. Ndama hunyonya kwanza, ndipo unamsogeza kando ukamue. Hilo kila mtu mlimani alilijua. Jioni ile nilichuchumaa chini yake hadi magoti yakafa ganzi, nikapata maziwa ya kulowesha tu kibuyu. Yeye alitazama juu, upande wa shamba.

Kesho yake nilimwuliza msimamizi wetu, mtu wa Tanga mwenye mdomo.

"Bwana alisema ng'ombe," akanijibu. "Hakusema ndama."

"Lakini bila ndama hatakamulika."

"Kwani picha haikutoka?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Nilikwenda nyumbani kwa Bwana mwenyewe. Mpishi aliingia ndani kuniulizia, akarudi na jibu kwamba Bwana anaandaa hotuba ya kwenda kusema Ulaya, na kwamba mimi nimekwisha kupewa. Ng'ombe akaanza kukauka. Mahindi yalikuwa yanavunwa.

Koko ndiye aliyenikumbusha. Kwetu Waarusha, mtu akikupa ng'ombe, hamwitani tena kwa majina. Yeye hukuita Pakiteng, nawe humwita Pakiteng, mpaka mmoja wenu azikwe. Na ng'ombe yule akiwa na shida, shida hiyo ni ya wote wawili. Sikuwa nimemwita hivyo kwa sababu alikuwa Mdachi.

"Ng'ombe alikupa, hakukupa?" koko akaniuliza. "Basi mwite. Ila usimwitie nyumbani kwake. Mwite pale alipokupa."

Jumapili iliyofuata wageni wake walikuwapo bado. Alipokuwa akiwapa watu mikono mlangoni, nikasema kwa sauti, "Pakiteng!"

Wazee wakageuka. Mmoja akacheka kwa mshangao, akaitikia, "Ee, kweli, ni Pakiteng wake!" Mdachi akamwuliza mwinjilisti maana yake. Alipoelezwa alifurahi sana, akawaeleza wageni, akanishika bega. "Pakiteng!" akaniita, na sanduku la picha likaanza kufunguliwa.

Hapo koko akapaza sauti kutoka nyuma. "Pakiteng, mwenzio anakamua upepo! Ndama umemweka wapi, umemvisha suruali?"

Watu walicheka hadi wakashikana. Mwinjilisti alisita, kisha akatafsiri, nadhani bila ile suruali. Uso wa Mdachi ukawa mwekundu. Aliwatazama wageni wake, akamtazama msimamizi, akasema maneno machache. Kabla ya jioni ndama alikuwa zizini kwetu, akimpiga mama yake vichwa kwenye kiwele.

Baba mdogo alikuja mavuno yalipokwisha. Mdogo wangu wa kike alimpa kibuyu. Alikunywa, akafuta ndevu, akamwangalia mtoto aliyekuwa na povu la maziwa mdomoni.

"Ng'ombe wa nani?"

"Wetu. Nilipewa na Pakiteng wangu."

Alilala kwetu, asubuhi akaondoka peke yake.

Mdogo wangu wa kike mpaka leo husema Mdachi yule alikuwa mnafiki. Kitindamimba, aliyekua kwa maziwa yale, hapendi kusikia neno hilo. Mimi niliyepalilia kahawa yake naona wote wawili wanasema kweli. Tukirudishwa na mvua bado hatukulipwa. Na kila alipopita mistari ya kahawa nilinyanyuka nikamwita Pakiteng, kwa sauti zaidi akiwa na wageni.