Kamba Niliyoagiza Itolewe

Naikumbuka vizuri siku ile ya kiangazi, mwanangu Kabula, kwa sababu ndiyo siku niliyojua kwamba mtu anaweza kumuumiza mwenzake kwa maneno manne ya chaki.

Jumamosi uliporudi kutoka Kahama ulinionyesha kazi yako kwenye kompyuta. Ulinieleza nikaelewa, japo kichwa changu kimezoea sururu. Kuna kitu mnakiita webhook, njia ambayo mfumo mmoja huupelekea mwingine habari jambo linapotokea. Sasa wakala wa akili mnemba amepewa zana ya kuzifuta njia hizo, nawe unamwandikia maelezo ya kuitumia. Ukanisomea ulichoandika: "Zana hii hufuta webhook." Nikauliza, basi? Ukacheka. "Inatosha, baba, atajua mwenyewe." Jibu langu ndilo hili ninaloandika. Niliona aibu, maana hata mimi niliwahi kusema atajua mwenyewe.

Nilikuwa kijana, nachimba upande wa Kharumwa. Jamani, ujana! Tulikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, tunatafuna matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na tunacheka kutwa nzima. Leo nikisikia harufu ya viazi vikikauka juani natamani kurudi, hata kwa siku moja. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, msimamizi alinipa ubao niwe naandika kazi za kila mtu. Nikavimba kichwa, nakuambia ukweli.

Duara letu, ndivyo tunavyoliita shimo la kuchimba, lilikuwa na kamba iliyoshuka hadi chini. Juu ilifungwa kwenye kopo lenye kokoto, na hilo ndilo lilikuwa kengele yetu. Aliye chini akivuta mara tatu, kopo linalia hadi kusikika kambini, walio juu wanajua kuna hatari. Pembeni palikuwa na duara lililofungwa, nalo lina kamba yake iliyooza. Kopo la kamba ile nilikuwa nimeshalitoa mwenyewe wiki iliyotangulia. Asubuhi ile nikataka kamba hiyo mbovu, ambayo kichwani mwangu bado niliiita ya kengele, iondolewe. Nikaandika, "Doto: toa kamba ya kengele." Nikaenda zangu Kharumwa kununua grisi.

Doto alikuwa mgeni, ana siku tatu tu machimboni. Mtu mpole, mwenye bidii, akipanga magogo anaimba kwa Kisukuma mpaka unasahau mgongo unauma. Alisoma ubao, akatazama kamba mbili. Moja haina kengele, nyingine inayo. Akaitoa yenye kengele, akaikunja vizuri, akaiweka kivulini. Wavutaji, wale wanaovuta ndoo za udongo kutoka chini, walikuwa wameenda kunywa uji, hapakuwa na wa kumuuliza.

Chini alikuwamo Mzee Shigela, aliyenipokea machimboni na kunifundisha kazi kama mwanawe. Udongo ukamporomokea. Akapapasa kamba, hakuna kamba. Aliita mpaka sauti ikakauka, na wavutaji waliporudi ndipo wakamsikia na kumtoa, mfupa wa bega umevunjika.

Nilifika na grisi yangu nikakuta watu wamemzunguka Doto, wanamfokea. Alikuwa anasema, "Imeandikwa. Nendeni mkasome, imeandikwa." Mwanangu, hapa ndipo panaponiuma. Nilikuwa karibu na ubao kuliko wote. Nikaufuta kwa mkono wa shati. Walipogeuka kusoma, ubao ulikuwa mtupu. Msimamizi akamfukuza Doto palepale. Doto alinitazama, akabeba furushi lake, akaondoka.

Mzee Shigela alikuwa amelala kwenye mkeka akisubiri gari la kumpeleka zahanati. Akaniita.

"Nani amefuta ubao?"

Nilitaka kudanganya. Sikuweza. "Ni mimi, baba."

"Bega langu litaunga," akasema taratibu, anauma meno. "Yule mtu umemvunja wapi, unajua? Mwambie msimamizi ukweli, halafu mkimbilie."

Nilimwambia msimamizi mbele ya watu wote, nikakimbia hadi barabarani. Doto alikuwa tayari juu ya lori la Kahama. Nikamsihi ashuke, nikamwambia nimeshasema ukweli, kazi yake ipo. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi nilisoma ulichoandika. Ulichokuwa unawaza sikukiona."

Lori likaondoka. Nilimtafuta miaka mingi, Buzwagi, Tinde, kila penye machimbo, sikumpata. Bado namkumbuka na ule wimbo wake. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekwisha kuota mvi.

Basi, mwanangu, wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kalamu nayo ni ulimi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huyo wakala wako hana zako. Mwandikie webhook ipi inafutwa, kwa namba yake kamili, si kwa sifa uliyoizoea wewe. Mwambie aangalie kwanza orodha ya zilizopo, ajue ni nani aliye upande wa pili anayetegemea habari hizo. Mwambie wazi kwamba ikishafutwa hairudi, na kwamba akiona mbili zinazofanana asichague, asimame aulize mtu. Na mwandikie mtu wa kumuuliza, asije akakuta wote mmeenda kunywa uji. Siku mambo yakiharibika, acha maandishi yako yasomwe, usimwachie mzigo aliyekutii.

Mungu akulinde, mama. Akupe subira ya kuongeza mstari pale unapoona umemaliza, na watu wanaofanya kazi kwa neno lako warudi nyumbani salama, kila jioni, wote.