Miguu ya Mama Ukutani

Harufu ya chokaa mbichi ikinipiga puani, hata leo nasimama. Miaka ile ya Ujamaa walipaka chokaa ukuta wa kituo chetu cha basi huku Temeke, kisha fundi aliyeletwa kutoka mjini akachora juu yake mwanamke mkulima ameinua jembe, tabasamu mpaka masikioni, na miguuni kavaa viatu vyekundu vya kisigino. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama yangu, mtu wa kusini, alisubiri basi hapo kila alfajiri na wenzake, wanakwenda mashambani upande wa Mbagala. Walicheka mpaka vikapu vikawadondoka. "Jamani, huyu analima au anakwenda harusini?" Mama akadakia, "Mie nikivaa hivyo, mihogo itaninunia!"

Nilikuwa darasa la nne, na nasema bila haya, Temeke nzima hapakuwa na mtoto wa kunishinda kuchora. Jioni nikachukua chokaa iliyobaki kwenye debe, nikavifuta vile viatu, nikachora kwa mkaa miguu ya Mama kama ilivyo: vidole vilivyotawanyika, magaga ya kisigino, na kidole kidogo cha kushoto kisicho na kucha. Kulipokucha kituo kizima kikaitambua. Mama akaificha miguu yake chini ya khanga.

Balozi wetu wa nyumba kumi akaja anahema. "Nani kakutuma uharibu picha ya taifa?"

"Shikamoo, Balozi. Sikutumwa. Mama halimi na viatu."

Akanikokota hadi kwa mwalimu mkuu, na hukumu ikawa fupi: nifute mbele ya watu, la sivyo nisikanyage darasani. Mama akaitwa shuleni kunichukua, na njia nzima ya kurudi nyumbani alinibembeleza. "Futa, mwanangu, usome. Mkataa pema, pabaya panamwita." Fimbo nilikula, machozi nilitoa, lakini sikufuta.

Siku ya tatu Balozi akaja mwenyewe na ndoo ya chokaa. Mama alikuwa kwenye foleni. Akatoka, akavua ndala, akauegemea ukuta, miguu yake kando ya ile ya mkaa. "Shikamoo, Balozi. Kama hii ni aibu, anza kuipaka hii yenye damu. Ya ukutani utamalizia." Wenzake nao wakavua, wakajipanga. Basi likaja, hakuna aliyepanda. Balozi alibeba ndoo yake akaenda zake, akimsonya dereva wa watu asiye na kosa.

Picha ikabaki. Shule hawakunirudisha.

Leo nina karakana ya mabango Tabata, na vijana wenye vyeti vya uchoraji nawasahihisha mimi. Vituo vya sasa vina vioo na vigae vinavyong'aa, na picha za watu wenye meno meupe. Hakuna hata mmoja anayeonekana kuwahi kusubiri basi. Binti yangu wa chuo kikuu aliniuliza majuzi, "Baba, si ungefuta tu ukasoma?" Ni kweli, ningesoma. Hata kusaini kwangu mpaka leo herufi zinapanda mlima. Lakini mwanamke aliyenisihi nifute ndiye aliyesimama mbele ya ndoo ya chokaa kuulinda mstari wangu wa mkaa. Mwenye cheti kinachozidi hicho na akilete hapa, tukitundike.