Paskazia na Magome ya Mlundalunda

Paskazia wa soko la Mkuyuni hakuwa mtu wa kubembeleza mteja. Aliuza magome ya mlundalunda, dawa ya waliofunga choo, na masharti yake aliyatoa kwa ukali: gome liwe kavu kabisa, uloweke kipande kidogo, unywe kikombe kimoja, basi. Tumbo likikukata, nenda hospitali. Ukiwa mjamzito hata usiliguse, maana dawa ile husukuma kila kilichomo.

Siku hiyo akaja Machibya, jirani yake wa Buswelu, mtu mwenye hasira za karibu.

"Shikamoo mama. Nipe gome, Queen hajapata choo tangu juzi."

"Marahaba. Mkeo ana mimba kubwa, sitoi. Mpeleke zahanati."

"Nakwambia nipe!"

"Na mimi nakwambia sitoi!"

Loo! Jamaa akamtupia ngumi ya mdomo. Paskazia akaanguka na meza yake, magome yakatawanyika. Akainuka na mchi, akamtwanga nao begani mpaka akapiga yowe. Lakini shetani yule alishakamata fungu zima, tena la magome mabichi yaliyokuwa hayajaanikwa, akatokomea nalo.

Paskazia akatema jino. Wenzake wakamwambia apumzike. Apumzike! Mtoto wa watu afe tumboni, yeye amekaa? Bodaboda wa kwanza aliiona damu akamkimbia, wa pili ndiye akambeba.

Kufika Buswelu, sufuria imeshaepuliwa. Queen ameshika kikombe, analia. Kwao dawa huionja kwanza aliyeileta, ndipo mgonjwa anywe, na Machibya alikuwa amekataa kuonja. Mwanamume mzima, anaogopa uchungu! Sasa alikuwa amemshika mkewe kisogoni, anamsukumia kikombe mdomoni kwa nguvu.

"Usinywe!" Paskazia akapiga kelele. "Itamtoa mtoto!"

Machibya akamwacha mkewe, akageuka, ngumi juu. "Mwongo huyu! Mchoyo wa dawa!"

Queen akamtazama yule mama, mdomo umepasuka, damu hadi kifuani. Hakuuliza nani kafanya. Ngumi ile aliijua. Akamwaga kikombe chote, kingali cha moto, juu ya miguu ya mumewe, na Machibya akaruka akibweka matusi.

"Mimi umenipasua mara ngapi nikanyamaza," Queen akasema, akijifunga kanga. "Huyu wa tumboni humpigi. Mama, twende zahanati."